Kurasa Ambazo Mkaza Mwana Hakuzisoma

Inatangazwa kwa wakazi wote, na ni vyema tangazo lenyewe lirudiwe kwa utulivu linaoustahili, kwamba kuanzia mwaka huu hakuna mkazi, awe wa umri wowote, awe anaona au haoni, awe anaishi kando ya lami au mbali nayo, atakayezuiwa na jambo lolote kuyafikia yaliyomo ndani ya kitabu. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa maktaba moja mjini Kisii, likapigwa mihuri miwili, na nakala yake ikafika kijijini Ekerenyo, ikapewa nafasi ukutani kwa duka la pembejeo, chini ya bango la dawa ya minyoo ya ng'ombe. Maneno "jambo lolote" yalipigiwa mstari. Aliyeupiga mstari huo hakuwa ametembelea maboma mengi.

Mpango wenyewe uliitwa Msomee Mzazi. Kila boma lenye mzee asiyeona vizuri lingemteua mtu mmoja anayeishi papo hapo, aliyemaliza kidato cha nne, naye angepewa mafunzo ya nusu siku, soda moja, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Angeitwa Msomaji Rasmi. Vitabu vingeletwa kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, na Batuli Osman, mratibu wa mpango, binti wa familia ya wauza vitambaa mjini, mtu mchangamfu mwenye imani kubwa na fomu.

Wa kwanza kujiandikisha Ekerenyo alikuwa Joash Anyona, mwenye miaka sabini na sita, aliyefiwa na mkewe, mkulima wa chai na ndizi, na karani mstaafu wa ofisi ya chifu.

Ukarani huo aliufanya kwa miaka thelathini na mmoja. Ng'ombe aliyeibwa, mpaka wa shamba uliohama wenyewe, bibi harusi aliyetoroka na mpiga gitaa wa kwaya, yote aliyaandika kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na mwisho wa kila faili akaweka maneno yale yale: uchunguzi unaendelea. Hakuwa akidanganya. Uchunguzi uliendelea hadi mashahidi wakafa kwa uzee. Faili mojawapo ilikuwa ya mdogo wake mwenyewe, aliyeokotwa mtoni amekufa asubuhi moja ya mwaka 1994 akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Joash aliiandika yeye mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na karani mwingine, na akaimalizia kama alivyozimalizia nyingine.

Miaka mitano baadaye, kwenye meza ya vitabu vikuukuu mjini Kisii, alinunua kitabu chembamba chenye picha ya kisima kwenye jalada. Kilikuwa cha kwanza katika mfululizo wa Visa vya Kwa Mfinyanzi. Kwa Mfinyanzi ni kijiji kisichokuwepo kwenye ramani yoyote, chenye msikiti mmoja, kanisa moja, duka moja na, kwa wastani, maiti moja kwa kila kurasa mia mbili na ishirini. Mpelelezi ni Bi Sikudhani, karani mstaafu wa posta, anayezijua siri za kijiji kizima kwa sababu kwa miaka arobaini alizipima barua zake kwa mizani. Polisi wapo, lakini huwa wanafika wakiwa na njaa. Damu ni kidogo. Anayeuawa ni mtu ambaye hata msomaji alishaanza kumchoka. Na katika sura ya mwisho Bi Sikudhani huwaalika wote barazani kwake, akawamiminia chai, kisha akaeleza hatua kwa hatua ni nani, ni lini, ni kwa nini, na yeye alijuaje. Hakuna anayebisha. Mwuaji humaliza kikombe chake kwanza, ndipo anaondoka na askari.

Hiyo "alijuaje" ndiyo iliyomkamata Joash. Alikuwa hajawahi kuiona.

Tangu siku hiyo alivifuata vitabu hivyo kwa robo karne, kimoja baada ya kingine, vingine vikichelewa miaka miwili, vingine vikija viwili kwa mwaka kama mapacha. Mwandishi alikuwa na jina la kike, ingawa picha iliyo nyuma ya jalada ilikuwa ya kikombe. Joash alisoma baada ya kupeleka majani ya chai kituoni, akiwa na penseli, na kila akifika sura ya kumi alisimama akaandika jina la anayemshuku kwenye daftari. Mara nyingi alikosea. Kukosea huko kulimpa raha ambayo ofisi ya chifu haikuwahi kumpa, kwani ili mtu ajue amekosea ni lazima jibu liwepo.

Kulikuwa na kisa kimoja tu ambacho Bi Sikudhani hakukitegua. Katika kitabu cha kwanza kaka yake alikutwa amekufa kisimani, watu wakasema ameteleza, na basi. Vitabu vilivyofuata viliendelea kukigusa kisima hicho kidogo kidogo, ukurasa hapa, ukurasa pale, kisha vikakiacha. Joash alingoja. Hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba maji ya kisimani na ya mtoni ni maji tu, na asingependa kuambiwa.

Kisha macho yakaanza kuondoka. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kusubirishwa kwa dawa ya matone. Kitabu cha kumi na tisa Joash alikisoma kwa kioo cha kukuzia, ukurasa mmoja kwa siku. Cha ishirini alikinunua, akakiweka rafuni, na kwa mwaka mzima akawa anakipangusa vumbi.

Ndipo lilipokuja tangazo.

Katika boma la Joash aliyehitimu kidato cha nne ni mwanawe Nyasani, lakini Nyasani aliendesha lori la maziwa huko Nyansiongo na alionekana nyumbani Jumapili tu. Waliobaki ni mkewe Marion, aliyepata alama nzuri sana za Kiswahili kidato cha nne na asiyekuwa na wa kuzionyesha kwa kuwa watu wa hapo huongea Ekegusii, pamoja na mtoto wao wa miezi kumi na mmoja. Marion akateuliwa. Penye "uhusiano na mzee" Batuli aliandika "mkaza mwana", akageuza ukurasa.

Sasa, Abagusii, ndio watu wa hapo, wana kitu kinachoitwa chinsoni. Ni haya, lakini ni haya yenye sheria. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hawapeani mkono. Hawakai karibu. Na yote yahusuyo kitanda hayatajwi pale walipo wawili hao, yawe ya watu au ya mifugo. Jogoo akimpanda kuku uani, mmoja wao hukumbuka ana kazi kwingine. Kati ya baba na mwana ni hivyo hivyo. Babu na mjukuu, kwa upande wao, wanaruhusiwa kutaniana juu ya jambo lolote duniani, ila mjukuu aliyekuwepo alikuwa bado hajaota meno ya juu.

Hata hivyo walianza vizuri. Joash alikaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba yake, Marion akakaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko lake, hatua kumi na tano kutoka hapo, akiwa ameelekea migomba. Kwa umbali huo ilimbidi asome kwa sauti ya mahubiri, na haukupita muda wapita njia wakawa wanapunguza mwendo kwenye ua. Kitabu cha ishirini kilikwisha kwa wiki tatu. Joash alimshuku mwenye duka. Mwuaji alikuwa fundi saa. Alicheka hadi akakohoa. Katika cha ishirini na moja palikuwa na busu moja, sura ya saba, na Marion alilisoma kwa kasi ya mtu anayevuka barabara kuu. Kiswahili kilisaidia. Kwa kuwa si lugha ya jikoni kwao, neno kama "mpenzi" lilipita kati yao kama mgeni aliyepotea njia, likaachwa liende zake. Kwa Ekegusii lisingefika mlangoni.

Cha ishirini na mbili kilitangazwa kuwa cha mwisho. Kwenye jalada kilirudi kile kisima.

Kwa wiki mbili boma zima lilikuwa na nidhamu ya ajabu. Marion alichuma chai akiwa anawaza, na mara mbili kituoni aliambiwa kwamba amechanganya majani machanga na makomavu. Joash aliagiza daftari lake lisomwe upya, majina yote aliyowahi kuyashuku kuhusu kisima tangu mwaka 1999, akayapunguza hadi matatu. Sura ya ishirini na nne Bi Sikudhani aliwaita wote barazani. Chai ikamiminwa. Akasema kwamba usiku ule kaka yake alipokufa mtu mmoja aliapa kuwa alikuwa safarini, na kwamba hakuwa safarini. Kijijini Ekerenyo, mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alisimama kando ya ua bila kuutua.

Marion akanyamaza.

"Tata," alisema baada ya muda, kwa kuwa ndivyo anavyomwita baba mkwe wake, "hapa pana maneno."

"Maneno gani?"

Hakujibiwa. Joash alikuwa ameishi na mkaza mwana huyo miaka minne bila kumtazama usoni, na kimya chake alikijua kuliko sura yake.

"Ni mengi?"

"Kurasa kumi na nne, Tata."

"Na anayeyasema ni Bi Sikudhani mwenyewe?"

"Ni yeye."

"Mbele ya watu?"

"Hata imamu yupo."

Joash alifikiri. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amemchukulia Bi Sikudhani kama mtu wa ukoo.

"Ruka," alisema.

Marion akaruka. Ukurasa wa mia mbili na kumi na tano ulianza kwa kusema kwamba watu wote walinyamaza, na chai ilikuwa imeshapoa. Mwuaji, ambaye sasa aliitwa "yeye" tu, alikunywa hivyo hivyo. Bi Sikudhani alikwenda kisimani peke yake akasimama hapo kwa sentensi mbili. Mwisho.

"Sasa nani aliua?" aliuliza mama wa ndizi.

Marion alimweleza kwamba Tata amesema waruke. Mama yule alijibu kwamba kwa miezi miwili amekuwa akipitia njia hii ndefu na mzigo kichwani, akaondoka kwa ile fupi.

Marion hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Aliuliza kama Tata angependa atajiwe jina peke yake, bila maelezo.

"Jina," alisema Joash. "Mimi majina nimeandika maelfu, moka Nyasani. Hakuna siku hata moja tulikosa jina. Ng'ombe akipotea asubuhi, saa nne jina liko mezani kwangu. Usinipe jina."

Alimwita mke wa Nyasani, kama desturi inavyotaka, na aliyasema hayo akiwa ameuelekezea uso mti wa umeme. Marion alielewa. Jina bila "alijuaje" ni kitu ambacho mzee huyu alikuwa amelipwa mshahara kukiandika.

Kesho yake alijaribu kuyapitisha kwa njia ya kando. Alianza kwa kusema kwamba yule mtu aliyeapa kuwa yuko safarini alikuwa hapo hapo kijijini. Joash aliuliza wapi. Ndani, alisema Marion. Ndani wapi? Ndani ya nyumba. Nyumba ya nani? Ya mtu. Na karani aliyemo ndani ya Joash, kabla baba mkwe hajamziba mdomo, akauliza swali ambalo karani yeyote angeuliza:

"Alikuwa anafanya nini humo?"

Marion akakumbuka kwamba mtoto analia. Mtoto hakuwa analia. Joash naye akainuka na fimbo yake kwenda kuangalia ng'ombe, ambaye alikuwa malishoni upande ule mwingine.

Jumapili Nyasani alikuja. Alikula na baba yake chakula cha mchana, na Joash aliweza kusikia, kwa namna mwanawe alivyokuwa akimega ugali, kwamba naye ameshaambiwa. Walizungumzia bei ya maziwa. Katika boma hilo waliokuwa hawajui ni ng'ombe, mtoto, na mtu mmoja aliyekisubiri kisa hicho kwa robo karne.

Nyasani alijitahidi kwa njia yake: aliacha simu inayoweza kuupiga picha ukurasa ikausoma kwa sauti. Waliijaribu kwa kurasa salama za mwanzo. Ilisoma Kiswahili kama mtu anayepanga matofali, na sauti ilikuwa ya mwanamke kijana. Joash alisikiliza sentensi tatu akasema izimwe, kwa sababu ilikuwa ni yale yale, na tena huyu hakuwa hata na haya ya kunyamaza.

Akabaki Machogu.

Machogu ni wa rika lake, walitahiriwa msimu mmoja, na kwa kawaida ya rika wanaweza kuambiana lolote. Anasoma bila miwani. Tatizo ni kwamba ni mzee wa kanisa la Wasabato, na kwa miaka hamsini amefundisha kwamba riwaya ni moshi kwenye dirisha la roho. Kuhusu mauaji husoma Waamuzi na vitabu vyote viwili vya Samweli, basi. Joash alimweleza shida yake kwa unyenyekevu ambao haukuwa desturi yake. Machogu alisema hawezi kuahidi. Kwanza ni lazima ayachunguze maneno hayo kimya kimya, aone kama yanafaa kutoka kinywani mwa mtu wa nafasi yake.

Kitabu aliletewa bila alama yoyote ndani, kwani Marion asingeweka karatasi mahali hapo hata kwa kulipwa. Haikuhitajika. Kilifunguka chenyewe kwenye ukurasa wa mia mbili na moja. Inaonekana wasomaji wengine wa mpango walikuwa wamekaa hapo kwa muda.

Machogu alisoma. Joash alisikiliza kurasa zikigeuka, kumi na nne, kwa mwendo wa polepole. Kisha akasikia zikirudishwa nyuma, na kugeuzwa tena.

"Enhe?"

"Hayafai," alisema Machogu.

"Hayo nilishaambiwa. Nakuuliza alijuaje."

"Joash, mimi nikikusimulia, basi nitakuwa nimesoma riwaya. Sasa hivi nimekagua tu."

"Umekagua mara mbili."

"Ukaguzi ni mara mbili." Machogu alikifunga kitabu. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejionea mwenyewe huruma, "Lakini yule mwanamke ana akili, bwana. Mimi nisingewaza kuangalia pale."

Joash aliuliza pale wapi. Machogu akasema wakati wa mkutano wa wazee umekaribia. Wakati wa kuondoka aliuliza, kama anayeulizia hali ya hewa, kama kitabu cha kwanza bado kiko, si kwa ajili ya kukisoma, bali ili aelewe chanzo cha uovu wenyewe. Alikibeba ndani ya koti. Wiki iliyofuata alikuja kuchukua cha pili.

Batuli alipofika Jumanne, Joash alikuwa amevaa tai. Alimwomba abadilishiwe Msomaji Rasmi, kwa kitabu kimoja tu, na hata si kitabu kizima. Batuli alisema hilo linawezekana kabisa, mpango umelifikiria, iko fomu. Je, Marion hasomi vizuri? Anasoma vizuri mno, alisema Joash. Anachelewa? Hachelewi. Amemkosea heshima? Joash alisema kwamba heshima ya Marion ni kubwa kiasi cha kuwa ndiyo shida, kisha akainyoosha tai. Batuli alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa kuweza kuwa binti yake, na Marion alikuwa mlangoni pa jiko akimenya ndizi ambazo zilikuwa zimeshamenywa.

Fomu ilikuwa na ukurasa mmoja. Jina la mzee. Jina la msomaji wa sasa. Jina la msomaji anayependekezwa: Joash alisema aletwe mwanamume yeyote wa zaidi ya miaka sabini ambaye si mzee wa kanisa. Kisha palikuwa na kisanduku kipana: Sababu ya kuomba mabadiliko, eleza kwa ukamilifu. Batuli aliweka kalamu tayari.

Karani wa miaka thelathini na mmoja anajua kisanduku ni nini. Alifikiria maneno. Aliyafikiria kwa Kiswahili, ambacho huvumilia mengi, na hata kwa Kiingereza, ambacho huvumilia kila kitu.

"Acha wazi," alisema.

Batuli alimwonya kwa upole kwamba fomu isiyokamilika huwa inarudishwa. Joash alisema anajua, yeye mwenyewe amerudisha nyingi. Ilirudishwa baada ya siku tisa. Kitabu nacho kilikuwa kimefikia siku yake, kikaenda zake mjini, ambako kuna orodha ndefu ya wanaokingoja. Kwenye kadi yake kulikuwa na swali kama mzee alisomewa hadi ukurasa wa mwisho, na Marion, ambaye kwa kweli aliusoma ukurasa wa mwisho, na kwa sauti nzuri, alitia alama ya ndiyo.

Ripoti ya robo mwaka ilisema kwamba Ekerenyo ilihudumiwa kwa asilimia mia.

Siku hizi, majani ya chai yakishapelekwa, Marion hukaa mlangoni pa jiko na kumsomea Joash kitabu cha tatu, ambacho alishakisoma mwenyewe zamani. Mwuaji ni daktari wa mifugo. Joash anajua alijulikanaje.